Anwani ya Zamani

Aprili, saa tatu asubuhi, mlima haupo;
upo, ila wingu limeukalia tangu Ijumaa.
Niko ghorofani, juu ya duka la mabomba,
barabara ya kwenda Kiborloni,
mtunza tovuti wa chama cha wakulima wa kahawa:
mshahara wa nusu siku,
kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Akaingia mama, mwavuli unachuruzika.
Ndeanasia, alisema, natoka Kidia.
Akafungua daftari la shule la mjukuu,
na hapo, katikati ya hesabu za kujumlisha,
ilikuwepo anwani ya ukurasa wetu
kwa kalamu ya bluu, herufi kwa herufi,
mikwaju yote ipo, nukta zote zipo.

"Humu niliona jina la baba,
orodha ya wanachama, mwaka wa sitini na nane.
Juzi tumefungua, simu inasema
ukurasa haupatikani.
Sasa nauliza, baba amekwenda wapi?"

Nilimjua aliyemhamisha.
Ni mimi. Mwezi wa pili, kwa ajili ya usafi,
nilikunjua makabrasha ya kale nikayapa majina mapya,
mafupi, ya herufi ndogo tupu,
nikajipongeza kwa soda.
Viungo vya ndani nilivifuata kimoja kimoja,
nikavinyoosha, hata programu ya ukaguzi
ikakosa pa kunishika.
Lakini programu haisomi
daftari la mtoto wa darasa la tatu.

Kwetu Mbokomu banio la mfongo lilibomoka
mvua za mwaka niliozaliwa.
Wakachimba jingine, juu zaidi, kwenye mwamba,
kisha siku nne nzima za majembe
wakaliunga na mfereji uleule wa zamani.
Migomba ya chini haikupewa taarifa.
Nani huipa migomba taarifa?
Maji yalikuja kwa njia iliyozoeleka, basi.

Nikavuta kiti. Nikaandika mstari mmoja kwenye seva:
atakayebisha pale, mlete hapa, daima.
Mstari mmoja! Ungenichukua dakika mbili
mwezi ule wa pili, kabla ya soda.

"Jaribu, mama."
Kwa kidole kimoja, akinakili daftarini,
aliandika taratibu kama anayetia uzi sindanoni.
Duara likazunguka.
Ndetaramo Njau, namba mia nne kumi na mbili,
miche mia sita na thelathini.
Hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya kioo
mpaka mwanga ukazimika,
akauwasha tena.

Alipotoka nilifungua kumbukumbu za seva,
pale wanapoandikwa waliobisha wakakosa.
Miezi miwili sijapachungulia.
Mistari elfu moja mia moja na kitu:
mmoja alitafuta bei za msimu, saa nane za usiku;
mmoja fomu ya mikopo, mara tisa, mara tisa,
halafu akaacha.
Kila mstari ni hodi kwenye nyumba iliyohama
bila kumwachia jirani neno.

Nimeziunga nyingi kabla umeme haujakatika.
Nyingine haziungiki: kituo cha utafiti wa kutu ya majani
kilifunga tovuti yake, hakikuacha nakala.
Kiungo kile nimekitoa, nikabakiza sentensi:
maelezo haya yalikuwepo, hatujui yalipo.
Afadhali hivyo kuliko mlango uliochorwa ukutani.

Nimesahau kusema: mlangoni aligeuka,
akaomba kalamu, aandike anwani mpya.
Nikamwambia usiandike, hii hii itakufikisha,
nitailinda.
Akanitazama kama fundi aliyekwisha kuvujisha paa mara moja.
Akaiandika.
Akaibana chini ya ile ya kwanza, juu kidogo ya
thelathini na nane, jumlisha arobaini na saba,
sabini na tano,
na mkasi mwekundu wa mwalimu
ambao bado hakuna aliyeusahihisha.